Sarafu Juu ya Silinda

Kila Ijumaa, kabla watu hawajaenda kuswali,
tulikaza nati nane za kitako cha mashine,
na kila Jumatatu tulizikuta zimelegea,
kama ahadi ya mnunuzi wa korosho.

Mashine ya Bi Somoe Nampembe, pale Newala nyuma ya soko,
ilisaga mahindi, ilisaga makopa,
ikasaga na ukuta wake yenyewe:
ufa ulianzia chini ya dirisha,
ukapanda, ukapinda, ukafika kwenye mwamba wa paa.
Tukauziba kwa saruji, ukazaliwa upya pembeni.
Debe la unga lilitembea lenyewe sakafuni.
Watoto wakalipa jina, Debe Mlevi.

Fundi Chilumba hakuwa mnywaji,
lakini kikombe chake cha chai kilimwaga nusu njiani.
Miaka ishirini na sita ameshika chuma kinachotikisika;
mtetemo ukahama, ukamwingia vidoleni,
vikawa vyeupe asubuhi za ukungu.
"Imenifundisha kutetemeka," alisema,
"na ada nimeshalipa."

Akanichorea kwa mkaa nyuma ya mfuko wa saruji:
tazama, pistoni inapanda, inashuka,
kila ikifika juu inageuka ghafla,
na ghafla hiyo lazima mtu aibebe.
Ukiitia krenki uzito wa kuipinga,
utapata utulivu wa juu na chini,
lakini uzito ule ule ukipita ubavuni
utaivuta mashine kushoto, utaivuta kulia.
Umehamishia ugomvi chumba cha pili.

"Na krenki zikiwa mbili?" niliuliza, kujaza kimya tu.
Hakunijibu mpaka magharibi.

Ya kwanza tuliichomoa kwenye pampu ya maji iliyokufa Kitangari.
Ya pili tulinunua kwa kilo, Nanyamba,
kwa mwanamke aliyekuwa akikomea nayo mlango wa banda la mbuzi.
Tukazifunga sambamba, meno kwa meno,
moja izunguke kulia, mwenziwe kushoto,
konrodi mbili kwenye pistoni moja,
kama mikono miwili inayoipua sufuria.
Huyu akivuta upande wa mashariki
yule anavuta wa magharibi, nguvu ile ile, nukta ile ile,
zinakutana tumboni mwa chuma, zinazimana bila shahidi.
Lakini uzito ukishuka, unashuka wote pamoja
kuilaki pistoni inapopanda.

Miezi minne.
Gia ya kwanza ilikatika meno matatu siku ya gulio,
Bi Somoe akatuambia maneno ambayo siyaandiki.
Mara ya pili tulikosea jino moja,
jino moja tu! Krenki zikapishana,
mashine ikaruka kama mbuzi aliyeona chatu,
ikang'oa bolti mbili, nasi tukakimbilia kwenye mihogo.

Jumatano ya mvua ya kwanza tukapiga hendeli.
Mlio ulikuwa ule ule, mzito, wa kikohozi,
ila sakafu ilinyamaza.
Debe Mlevi likabaki pale lilipowekwa;
mtoto mmoja akalisukuma kwa mguu, kulikumbusha.
Fundi akatoa shilingi mia mbili mfukoni,
aisimamishe kwa ukingo juu ya silinda.
Ikaanguka.
Akarudia. Ikaanguka.
Watu wakacheka, wakidhani mashine imeshindwa.
Mimi nilikuwa karibu, niliona
si chuma kilichokuwa kinaitikisa sarafu.

Nikaipokea vidoleni mwake,
nikaisimamisha.

Ikasimama. Ukiinama sana
ungeona inasinzia kidogo, mara mbili kila mzunguko.
"Huo ni wa mshazari wa konrodi," Fundi alininong'oneza,
"krenki mbili haziuwezi. Uache."

Ufa bado upo. Bi Somoe hataki uzibwe;
kwenye ncha yake ameweka alama ya penseli na tarehe,
na kila mwezi huja na kurunzi kuupeleleza.
Tangu Januari haujasogea.

Chai ya Fundi namtilia nusu kikombe.