Kuchutama

Saa nane za usiku, Tacuarembó, mwezi Julai,
na baridi ya kusini imepenya hadi tundu la ufunguo.
Nidia anavua saa ya mkononi,
anapasha viganja juu ya hita ya gesi mpaka vikubalike.
Hilo hakufundishwa chuoni.
Alifundishwa na ngozi ya wazee,
ngozi inayoshtuka kabla mwenyewe hajaamka.

Chumba cha tatu. Don Eleuterio Silveira,
miaka themanini na minane.
Upande wake wa kulia ulilala siku ya kiharusi, Machi,
na haujaamka.
Kila baada ya saa mbili ageuzwe:
mto katikati ya magoti, mto chini ya miundi,
visigino vielee, visiguse kitu,
kwa kuwa kidonda cha kulalia hakipigi hodi.
Huanza na wekundu mdogo,
kama alama ya kikombe cha chai mezani;
unaubonyeza, haupauki,
na usipopauka
umekwisha kuchelewa.

Enzi zake yeye ndiye aliyegeuza.
Kondoo mia na ishirini kwa siku, shamba hadi shamba,
goti hapa, mkono chini ya taya,
mnyama analegea, anakaa kitako kama bibi arusi,
manyoya yanamtoka kama koti moja
bila tone la damu.
Sasa anasema, kwa nusu ya mdomo iliyobaki:
“Unanivuta. Kondoo havutwi.
Mwegemeze kwako. Uzito utatafuta njia.”
Nidia, mwenye cheti na miaka ishirini na sita ya zamu,
anamwegemeza.
Uzito unatafuta njia. Unaiona.

Shuka limelowa.

Hapo mzee anageuzia ukuta uso.
Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama,
ila hawakusema habari za huyu
ambaye nyonga yake ina chuma
na magoti yake yalishakataa amri.
Basi Nidia anachutama kwa niaba yake:
taulo kwanza, ndipo suruali;
anaosha kipande, anakausha kipande, anafunika,
macho kayatuma dirishani,
akiuliza habari za mbwa mmoja, Tuerto,
aliyekufa mwaka wa sabini na nne.
“Jicho moja,” mzee anauambia ukuta,
“lakini kondoo wote walidhani anayo matatu.”
Na mpaka mbwa amalize kuvuka kijito
shuka ni kavu.

Kisha ombi. Kila usiku, ombi lile lile.
Kwao mate ni kinywaji: majani machungu,
maji ya moto, kibuyu, mrija wa fedha.
Katika lugha hii ninayoandikia, mate ni haya
yanayomchuruzika kwenye pembe ya mdomo
na Nidia anayapangusa.
Lile amekatazwa, haya hawezi kuyazuia.
Koo limesahau kazi yake;
maji mepesi hupotea, yakashukia mapafuni,
kwa hiyo hata ya kunywa hutiwa unga
yawe mazito kama uji wa mgonjwa,
naye huyatazama kama mtu aliyetukanwa.

Nidia anachungulia korido.
Anachovya kijiti cha sponji katika kibuyu chake mwenyewe,
kilichopoa tangu saa tano,
anakikamua sana, hadi kisidondoshe,
anampaka midomo, ufizi, ncha ya ulimi.
Si kunywa. Ni kukumbushwa.
Mzee anafumba macho.
Mkono wa kushoto, ule uliobaki naye,
unashika manyoya yasiyokuwepo
na kuyavuta taratibu kuelekea kifuani.

Mgongo wa Nidia unalalamika anaponyooka.
Nani atamgeuza yeye, na kwa mikono ya joto gani,
faili halina mstari wa kuandika hilo.
Anaandika: *Saa nane. Amegeuzwa kushoto.
Ngozi haina wekundu. Shuka limebadilishwa.
Kinywa kimesafishwa.*

Anavaa saa. Inakwenda mbele dakika nne.
Chumba cha nne wameshaanza kumwita,
kwa jina la mtu mwingine.