Ukurasa Mmoja

Sechelela, kiti chako kakikalia kijana wa takwimu,
ana kompyuta mbili na hajui kunyamaza.
Feni inalia kilekile kilio chake, upande mmoja,
na vumbi la Ipagala linaingia dirishani bila kibali.
Jana nilifungua droo yako ya chini
nikakuta kopo la plastiki, ndani yake mbegu nne za zabibu
na kalamu nyekundu iliyokauka.

Nikakaa.

Siku ya kwanza nilikuletea kurasa tatu,
nimezipiga chapa kwa majivuno, zina majedwali, zina tanbihi.
Ulisoma umesimama, huku unatafuna karanga.
"Kurasa tatu ni za mtu anayeogopa," ukasema.
"Mheshimiwa anasoma kati ya gari na mlango.
Pima hatua zake. Ni arobaini na mbili."
Ulikuwa umezihesabu kweli.

Watu walidhani kazi yetu ni bahasha.
Shemeji yangu hata leo anadhani hivyo,
Krismasi aliniuliza mbona sina gari.
Hakukuona wewe getini saa moja asubuhi,
kipupwe cha Juni kinakukata masikio,
unaongea na madereva kabla ya mabosi wao:
nani kafiwa, nani hakulala,
nani jimboni kwake mvua haijatia mguu.
Hukumwomba mtu kura kabla ya kumpa pole.

Mwaka ule wa kwanza tulianguka.
Muswada ulipita kama ulivyokuja,
mnunuzi "anaweza kumlipa mkulima ndani ya siku tisini",
na ukumbi mzima ukasema ndiyooo.
Ulikwenda chooni, ukakaa sana.
Ukarudi uso umelowa, kilemba kimekaa upande,
ukasema twende Majengo tukale mishkaki,
na njiani ukanikaripia kwa jambo lisilo kichwa wala miguu,
nadhani lilihusu mwavuli.
Nilikuchukia mpaka mshikaki wa pili.

Kisha miaka miwili ya neno moja.
Mlango kwa mlango, kamati kwa kamati,
ulilibeba lile "anaweza"
kama kokoto uliyoitoa kiatuni ukakataa kuitupa.
"Anaweza, Mheshimiwa, maana yake hataki."
Na yule mbishi wa mstari wa nyuma,
aliyetuita wapiga debe wa wazungu,
hukumjibu. Ulimfungulia kopo lako,
zabibu za Hombolo, zimeanza kulegea.
"Zimevunwa siku nne zilizopita.
Onja. Halafu nihesabie tisini."
Alikula moja. Akatazama dirishani.
Akaomba karatasi.

Tulikuwa jukwaa la wageni jedwali la marekebisho liliposomwa.
Kifungu cha kumi na tisa, kifungu kidogo cha pili:
futa "anaweza kumlipa", weka "atamlipa";
futa "tisini", weka "kumi na nne".
Wageni hawaruhusiwi kupiga makofi.
Ulinifinya paja pakabaki alama.
Taarifa rasmi imeandika Makofi, kwenye mabano,
haikuandika ya nani.
Jina lako halimo. Nimelitafuta mara mbili.

Sasa nasikia magoti yamekataa ngazi,
umerudi kupogoa mizabibu ya marehemu baba'ko.
Juzi sokoni mama mmoja alikuwa anahesabu noti,
akamwambia mwenzie, "Siku hizi wanalipa upesi,
sijui wameingiwa na nini."
Nilitaka kumwambia.
Nikanunua kilo moja, nikaondoka.

Mbukwenyi, Sechelela.
Hii nitampa dereva wa lori la kreti akuletee.
Najua utaisoma umesimama, mkasi mkononi,
na utauliza kwa nini imevuka ukurasa.
Naogopa, ndiyo maana.
Jumatatu kamati inakaa, na wa kwenda getini ni mimi.
Kata popote upendapo.
Ila mama wa sokoni mwache.