Vipande Vinne

Niigata, Februari. Theluji imefika kwenye vioo vya ghorofa ya chini
na Misuzu bado hajavua koti.
Mezani bakuli la supu ya mwani limepoa.
Ule utamu usio wa sukari wala wa chumvi,
ule unaobaki ulimini ukishameza,
ni glutamati;
na glutamati, tone lisiloonekana,
inavuka sasa hivi kutoka seli hadi seli kichwani mwake
anapojiuliza: mbona hawatoki?

(Usidhani ile ya bakuli ndiyo iliyopanda.
Ubongo una bawabu wake, na hujipikia wenyewe.)

Miezi kumi na moja anawangoja.
Kipokezi si kitu kimoja, aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza,
ni wanne walioshikana kuzunguka tundu.
Na hawaji kwa mkupuo.
Kwanza wawili, vichwa vikigusana,
wakipimana kama wakwe kabla ya kutajiana mahari;
kando yao wawili wengine;
ndipo jozi ikaitafuta jozi,
na wakikaa, hukaa kwa kupishana,
wa kwanza, wa pili, wa kwanza, wa pili,
hakuna anayegusana na pacha wake.

Mmoja hata akiwa, wa dhahabu, hatatoka,
Langoni huzuiliwa, mpaka wenzi kufika,
Wakikawia, huliwa, vipande vikatumika,
Wanne hufunguliwa, wakapita bila shaka.

Lakini kwake hakupita mtu.
Chini ya darubini, kijani kimejaa ndani ya seli
kama umati uliofungiwa kituoni,
na ukingoni, pale penye kusikia, giza tupu.
Alibadilisha joto. Alibadilisha chumvi.
Aliagiza seli mpya kutoka Osaka zikaja zimekufa.
Mwezi wa Oktoba aliacha kuwajibu waliouliza.

Seiroku, fundi wa friza, anastaafu Machi.
Leo anahesabu vichupa ili amkabidhi mrithi,
miwani imeganda ukungu,
anasugua kibandiko kwa kidole gumba, anasita.
Kwa maandishi yao moja ni mstari mmoja,
mbili ni mistari miwili.
Anasugua tena. Mstari wa juu unatoka.
Haukuwa wino. Ni mkwaruzo,
labda wa ukucha, labda wa barafu,
uliolala sambamba na ule wa kweli
kwa nyuzi themanini chini ya sifuri.

Miezi kumi na moja, basi,
alikuwa akiwaoza wa kwanza kwa wa kwanza.

Seiroku anainama, anainama zaidi,
kipara chake karibu kiguse sakafu ya friza.
Misuzu anataka kukasirika; anaitafuta hasira
kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni
huku mlango uko wazi.
Kinachomtoka ni kicheko, kibaya, cha puani.
Wale waliozuiliwa ndani hawakuwa na kosa.
Langoni walisema kweli kila siku:
hatujatimia. Hatujatimia.
Ni yeye aliyekuwa hasikii.

Jumatano, saa tisa usiku.
Kichupa sahihi, seli nyingine, sindano ya kioo.
Anadondosha glutamati, na glisini pia,
maana wa kwanza ana mgeni wake na wa pili ana wake,
na hawafungui kwa mgeni mmoja.
Magnesi aliiacha nje ya maji makusudi,
hiyo ni kizibo, na vizibo ameviona vya kutosha.

Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala.
Ukazama.
Kidogo tu, unene wa mkwaruzo wa ukucha,
kisha ukapanda, kisha ukazama tena.

Nje gari la kusukuma theluji linapita, taa ya njano ikizunguka.
Anaweka supu motoni.
Anatoa mabakuli mawili,
anakumbuka Seiroku amelala kwao tangu saa nne,
halirudishi la pili.