Fomu ya Mapokezi

Hańža Kubicowa alishuka treni ya saa tatu,
sanduku la viatu kalipakata kama mtoto mwenye homa.
Leipzig nzima ukungu. Alikataa kahawa,
alikataa kunipa koti nilitundike.
"Sikai," alisema,
akakaa mpaka taa za barabarani zikawashwa.

Nikafungua fomu. Fomu ya chuo ina adabu zake:
huuliza jina kabla ya jambo,
tarehe kabla ya machozi.

*Lugha ya nyaraka.* Kwenye orodha
Kijerumani, Kifaransa, Kilatini,
hata Kigiriki cha watu waliokwisha kufa,
na mkiani, kama mgeni aliyelazwa ukumbini,
*nyinginezo*.
Akagusa kioo cha kompyuta kwa ukucha.
"Mama hakunibembeleza kwa nyinginezo.
Andika Kisorbi."
Mashine ikagoma.
Nikaandika kwa penseli, pembeni. Penseli haikugoma.

*Mahali zilikotoka.*
Jasenička, nyumba namba kumi na nne,
mkabala na kisima.
Nikaitafuta ramanini. Alama nyekundu
ikatua katikati ya ziwa.

"Ndipo hapo," alisema.
"Walichimba makaa ya mawe, wakachimba shule,
wakachimba kanisa, wakafika makaburini.
Baba tulimhamisha kwa lori.
Alitutangulia mjini, akapata makazi kabla yetu.
Shimo lilipochoka kutoa wakalinywesha maji.
Siku hizi watu huja na vijimashua vya rangi,
wanaota jua juu ya jiko la mama."

Nikavaa glavu, nikatoa kimoja kimoja:
ufunguo usio na kitasa duniani;
daftari la mbegu, mwandiko umelala
kama ngano iliyonyeshewa;
yai la Pasaka, limechorwa kwa nta na unyoya,
lina ufa mmoja wa tangu siku ya lori;
kanda ya sauti.

Tukaiweka kwenye mashine. Nilitega sikio,
nilisubiri (naona haya kusema) wimbo.
Alikuwa bibi yake, akigombana na jirani
juu ya bata bukini, nani kamla nani hakumla,
dakika kumi na moja bila kumeza mate.
Hańža alicheka hadi akavua miwani.
"Mnatupenda tukiimba,
tumevaa vilemba vya sherehe.
Nani atawaambia kwamba tulikuwa wachoyo pia?"

Kisha akanyamaza.
Chini ya sanduku, chini hata ya gazeti la kutandikia,
palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Mkataba wa kuuza. Sahihi: Mjertyn, mjomba wake.
Tarehe yake ilitangulia kwa wiki tatu
ile Jumapili kijiji kizima kiliposimama kanisani
kikaapa kwamba hauzi mtu.
Mjomba naye alikuwapo. Mjomba ndiye aliyepiga kengele.

"Miaka arobaini na mitano
nimepishana njia na akina Šołta.
Tuliambiwa ni wao waliotangulia kusaini.
Mama yao alikufa sijamsalimu."

Nikamweleza taratibu: twaweza kuifunga,
miaka thelathini, hata hamsini, asiione mtu.
Akanitazama kama anayetazamwa na muuza samaki wa jana.
"Nizike tena? Pa kuzikia ninapo?
Iweke na yai. Kwenye sanduku lilelile.
Wajukuu wa Šołta wanajua kusoma."

Wapo wasemao mali bila daftari hupotea bila habari.
Sikumwambia. Yake ilikuwa na madaftari tele,
mihuri, mashahidi,
ikapotea na habari zake zote zikiwa mezani.

Akatia sahihi. Akavaa kitambaa kichwani.
Mlangoni akarudi, akachukua ufunguo,
akautia mfukoni mwa lile koti asilolivua.
"Fomu inasema vitu vitano," nikamwambia.
"Andika vinne."

Nikaandika vinne.
Na kwa penseli, pembeni, penye nafasi ya maelezo:
*Ufunguo. Haukupokelewa. Bado unatumika.*