Mbao Zizoee Kwanza

Lori la Elburgon lilizimwaga mvua ikinyunya,
mbao sabini na mbili za msonobari,
rangi ya siagi, hazijapakwa kitu,
ubavu huu ulimi, ubavu ule kinywa.
Nilitaka tupigilie siku hiyohiyo.
Fundi Sigei akazipanga sebuleni, vijiti kati ya safu na safu,
akajifuta mikono. "Ziache wiki mbili, mwalimu.
Hizi ni wageni. Zizoee kwanza baridi ya Turi,
zisije zikajikunja misumari ikiwa ndani."

Wiki mbili nikazisikia usiku:
ta. Kimya. Ta.
Zinanyoosha mgongo, zinavuta hewa ya nyumba,
na harufu ya utomvu ikaingia kwenye chai,
kwenye madaftari niliyokuwa nikisahihisha.

Mama alipitia Jumapili akitoka kanisani.
Akasimama mlangoni na mwavuli wake, hakuingia.
"Saruji," akasema. "Saruji haishiki moto."
Nikamsogezea kiti. Hakukikalia.
Sisi wa huku nyumba tunaihesabu
kuanzia ile iliyokuwepo kabla yake.

Siku ya kumi na tano boriti zimelala sawa kwa pimamaji.
Sigei kapiga magoti, kipande cha blanketi chini ya goti la kushoto.
Ulimi kinywani, kigogo, nyundo,
na ubao unaingia polepole
kama mtu anayekubali jambo asilolipenda.
Msumari kwa mshazari, juu ya ulimi, usionekane.
Ukutani anaacha upenyo, unene wa sarafu:
"Aprili zitavimba. Zipe pa kuvimbia."

Ubao wa thelathini na moja ulikuwa na fundo jeusi,
kubwa kama jicho la ng'ombe.
Nikasema huo tuufiche chini ya kabati.
"Hapo palikuwa na tawi," akasema,
akauweka katikati ya chumba.
Kisha, bila kuinua kichwa, misumari mitatu mdomoni:
"Na hapa palikuwa na nyumba?"
"Palikuwa."
Akatoa msumari mmoja, akaupiga.
Wa pili hakuupiga mara moja.

Mashine ya msasa tuliikodi Nakuru mjini.
Ilinguruma siku mbili: msasa wa kukwaruza, wa kati,
kisha ule ambao ukiugusa huna hakika umegusa.
Vumbi likatupaka nyusi, kope, masikio.
Ungetukuta ungesema tumbo moja.

Vanishi nilitaka kuipaka mwenyewe.
Kwenye mkebe wameandika kwa wino mwekundu:
WEKA MBALI NA MOTO.
Nikasoma mara mbili, kwa sauti ya darasani.
Brashi pana, fuata mishipa ya mbao, usirudi nyuma,
na siagi ikawa asali, mafundo yakawaka wekundu,
nikasahau. Nikasahau mlango uko wapi.
Nilipoinua macho ilikuwa saa kumi na mbili jioni,
nami niko pembeni, chini ya dirisha,
mbele yangu sakafu yote inang'aa mbichi,
hakuna pa kukanyaga.

Sigei alicheka hadi akashika ukuta wa nje.
"Mwalimu! Huanzia mbali, humalizia mlangoni!"
Nami dirisha langu lina vyuma.
Niliviagiza mwenyewe, mizito,
kabla hata sijanunua mabati ya paa.

Basi nikakaa hapo, shali magotini.
Akaenda, nikajua ameenda.
Akarudi na viazi vya kuchemsha ndani ya gazeti,
akanipitishia kimoja kimoja katikati ya vyuma,
na chumvi kwenye kikaratasi. "Usiimwage kwenye kazi yangu."
Akageuza debe, akalikalia upande wake wa ukuta,
ukungu ukimfika viatuni, kisha magotini.

"Nenda nyumbani," nikamwambia.

"Bado haijakauka," akasema.