Futi Sita kwa Tisa

Fundi Machano kaingia, penseli sikioni,
kavuta utepe ukutani, kaurudisha, kauvuta tena
kama anayetumai ukuta utajirekebisha.
"Sita kwa tisa," kasema. "Na hiyo sita si nzima."
Mtaa wetu Kajificheni,
na jiko letu limetii jina la mtaa.

Ukigonga msumari chokaa humwagika kama unga wa muhogo;
jiwe la ndani halitaki, linautema.
Basi alichora tu, papo hapo ukutani:
hapa GESI, hapa SINKI,
hapa, nyuma ya mlango, FRIJI.
Kisha akanywa chai kwa kusimama,
kwani pa kukaa hapakuwamo mchoroni.

Nassor hakungoja mchoro.
Alinunua Darajani meza ya viti sita,
mninga, miguu ya kuchongwa, kioo juu.
Wapagazi wawili waliigeuza kichochoroni asubuhi nzima,
kwa ubavu, kwa mgongo, miguu juu kama kombamwiko;
majirani walishauri mpaka ushauri ukawaishia.
Kizingiti kikasema hapana.
Jioni meza ilikwenda Fuoni kwa shemeji,
kioo kikavunjikia Mwanakwerekwe.
Tukabaki na viti viwili,
kimoja cha kukalia, kimoja cha ndoo.

Na friji: likifunguka, mlango haufunguki.
Mwenye maziwa na mwenye kuingia
wakawa wanapeana zamu na pole.

Ndipo akaja mama kutoka Wete,
kashuka bandarini na tenga, na mkeka uliokunjwa,
na mbuzi yake kwapani,
ile ya kukunia nazi, ya mfenesi,
iliyolainika kwa miaka arobaini ya kukaliwa.
Nikamwonesha mashine ya kusagia.
Akaitazama kwa adabu, kama mgeni wa jirani.
"Na mimi nitakunia wapi?"

Nilipima kila kitu, naapa.
Upana wa beseni, kimo cha mtungi wa gesi,
hata mpini wa kikaango.
Sikupima magoti ya mama.

Siku ya tatu nikamkuta kalala chali
katikati ya jiko. Nikadhani kaanguka.
"Nyamaza, Biubwa. Nahesabu boriti."
Kumi na moja, mikandaa mitupu,
miaka yote hiyo zimeshika dari tu, hakuna aliyezituma jingine.
Akaomba kamba ya usumba, akasuka susu tatu:
ya juu vitunguu, ya kati mkate,
ya chini samaki wa kukaanga,
na chini ya samaki, sakafuni, paka wa jirani
kaketi kama anayesubiri kuitwa jina.
Kile kidaka nilichotaka kukiziba kwa saruji
akakipangusa vumbi, akatia hiliki, bizari, mdalasini.
"Waliojenga nao walikuwa wanakula," akasema.

Fundi akaitwa tena. Ubao mmoja, bawaba mbili,
mguu mmoja wa kukunja:
meza inayolala ukutani,
nasi twaiamsha asubuhi kwa boflo na chai.
Friji likahamia chini ya ngazi,
linakonguruma usiku na kuwashtua wageni.

Ijumaa ubao haushuki.
Mkeka hutandikwa toka kizingiti cha jiko mpaka ukumbini,
sinia moja, pilau, achari ya ndimu.
Hukaa watu tisa, bega ndani ya bega,
na Nassor hana pa kuweka mguu wake wa kulia;
kila Ijumaa huuombea radhi mguu ule ule.
Wakishanawa, mkeka hukunjwa, husimama pembeni,
haudai hata shibiri mbili.

Rangi sijapaka, nami nasema ni pesa.
Mama hukaa pale nyuma ya mlango, mbuzi chini yake,
magoti yamepata upana wayatakao,
nazi nyeupe imemrukia mpaka vifundoni,
na juu ya mtandio wake, kwa penseli,
bado pameandikwa FRIJI.