Ufa wa Sebuleni

Yasna dalali alikuja Jumanne
na viatu vyake vyeupe na futi yake ya chuma,
akapita chumba hadi chumba akihesabu kwa midomo,
akasimama sebuleni.
"Huu," akasema, "lazima uzibwe.
Plasta, kisha rangi nyeupe. Wanunuzi wanapenda nyeupe."

Huu una miaka arobaini.
Ulizaliwa Jumapili ya Machi, mwaka wa themanini na tano,
saa moja na dakika arobaini na saba jioni,
kilima chetu cha Valparaíso kilipojikung'uta
kama mbwa aliyetoka majini
na sahani za mama zikashuka kabatini bila kuitwa.
Kulipokucha baba alichukua penseli ya useremala,
akachora kistari pale ufa ulipokomea, na tarehe.
"Tuone kama ni mtembezi."

Ulikuwa mtembezi.
Kila ardhi ilipojigeuza usingizini
baba alipanda stuli, kistari kingine,
na kwa kuwa penseli tayari i mkononi
alitusimamisha mimi na Nibaldo, visigino ukutani,
akatupima nasi.
Ukuta ule una watoto watatu basi:
mimi, niliyekoma mwaka wa tisini na saba,
Nibaldo, aliyenipita kwa kichwa kizima,
na ufa, ambao hadi baba anakufa
ulikuwa haujamaliza kukua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo husemwa.
Sisi hatukuziba, wala hatukujenga.
Tulitundika kalenda ya duka la gesi
siku za wageni.

Sasa ni maboksi.
Maboksi ya ndizi kutoka sokoni, bado yananuka ndizi.
Nibaldo anaandika ubavuni kwa kalamu nene:
JIKO. JIKO. VITABU. JIKO. SIJUI.
SIJUI ndiyo mengi.
Funguo za milango tuliyokwisha kuichoma kuni,
mfuniko uliofiwa na birika lake,
jino langu la kwanza ndani ya kiberiti,
koti la baba, na mfukoni tiketi ya lifti ya kilimani,
ya kupanda tu, si ya kushuka.
Mama haulizi bei. Anauliza
kama jirani wa huko Quillota hukoroma.

Plasta aliikoroga mwenyewe, kwenye bakuli la saladi.
Fundi hakumtaka.
Akaanza chini, taratibu, kama anayelisha mgonjwa,
na kila tarehe aliisoma kwa sauti
kabla ya kuifunika.
Juu mkono haukufika.
Nikapanda stuli mimi.

Jumamosi wakaja wawili, vijana,
Ignacio na mkewe Rayén, mimba ya miezi saba.
Walipenda dirisha. Walipenda bandari ndani ya dirisha.
Rayén akaegemea ukuta mweupe kupumzisha kiuno
na Yasna akatabasamu,
na Nibaldo akaanza kuisoma dari.
Mama akasema:
"Hapo ulipoegemea, binti, pana ufa.
Mita mbili na robo. Haujamdhuru mtu.
Ila husogea ukishtuliwa."

Yasna akakohoa kikohozi cha peso milioni mbili,
na kweli, ndizo zilizopungua.
Rayén hakuondoa mgongo wake ukutani.
Aliuliza tu: "Husogea kuelekea wapi?"

Usiku wa kwanza Quillota, ghorofa ya tatu,
tumelala katikati ya ndizi zisizokuwepo,
taa ikayumba.
Kidogo tu, kama mtu amepita akaigusa kwa bega.
Nikamsikia mama akiamka gizani,
kiganja chake kikipapasa ukuta mpya,
laini, usio na habari,
kutoka pembe hadi pembe.
Kisha sauti yake:
"Penseli mliiweka boksi lipi?"

Na Nibaldo, sakafuni, macho hajafumbua:
"Sijui."